Donge Haliui Peke Yake

Baba yangu mdogo ameuza viungo kwa zaidi ya miaka thelathini. Duka ni chumba kimoja chenye rafu za mbao, magunia ya bizari na mdalasini, na daftari kubwa la mikopo alilokuwa akiliandika kwa mkono mzuri wa mtu aliyepitia chuo cha Kurani kabla ya shule. Siku moja mteja wa siku zote alimrudishia iliki, akilalamika kuwa inanuka mafuta ya taa. Baba mdogo akanusa, akanusa tena, akasema haina kitu. Tulidhani ni ubishi wa biashara. Kumbe alikuwa ameacha kusikia harufu, na mwenyewe hakujua tangu lini.

Ilipita kama miaka minne ndipo mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anahesabu sarafu asizoziona mtu mwingine. Ukilifungua lile daftari unaweza kuufuata ugonjwa ukurasa kwa ukurasa: mstari unaanza kwa herufi za kawaida na kuishia kwa herufi ndogo kama ufuta. "Mwanangu," aliniambia, "mkono huu nauamuru leo, unanisikia kesho." Kituo cha kwanza tulichompeleka walisema ni uzee. Cha pili walisema ni presha. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson.

Ndani ya ubongo wa mtu mwenye Parkinson, katika seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa viungo, kuna madonge madogo ya mviringo ambayo Friedrich Lewy aliyaeleza mwaka 1912. Ilichukua miaka 85 kujua yametengenezwa na nini. Mwaka 1997 ilibainika kuwa kiini chake ni protini iitwayo alfa-sinuklini, iliyokunjika isivyopaswa na kushikamana. Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, nayo ina madonge yake, ya protini za amiloidi na tau. Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, ina yake. Kuru na ugonjwa wa ng'ombe kichaa zina ya prioni, nitakazozieleza mbele. Kila ugonjwa ukawa na donge lake, na kwa muda mrefu hesabu ikaonekana nyepesi: donge ndilo adui, liondoe, mgonjwa apone.

Hesabu hiyo mimi siikubali tena. Ushahidi uliokusanywa kwa takriban miaka thelathini, mwingine ukiwa umechapishwa kwenye majarida makubwa kuliko yote, unaonyesha kuwa protini iliyopinda haiwezi kufanya maangamizi bila ushirika wa seli yenyewe. Seli inaipokea, inaikopesha malighafi, inaipitisha kwa jirani, na mara nyingine inajimaliza kwa namna ileile inavyojaribu kujiokoa. Anayetafuta tiba kwa kulitazama donge tu ameona nusu ya mkasa. Na kwetu Afrika, kwa sababu nitakazozieleza, nusu ile nyingine ndiyo inayotuhusu zaidi.

Protini inapotengenezwa ndani ya seli huanza kama uzi mtupu: vipande vya asidi amino, vya aina 20, vimeungwa kimoja baada ya kingine kwa mpangilio ulioandikwa kwenye jeni. Uzi huo haufanyi kazi mpaka ujikunje, na ukunjike kwa namna yake mahususi, kama vile ukili usivyokuwa mkeka mpaka ushonwe. Christian Anfinsen alipata sehemu ya tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972 kwa kuonyesha kuwa maelekezo ya kujikunja yamo ndani ya uzi wenyewe. Lakini Anfinsen alifanya kazi kwenye chupa ya maabara. Ndani ya seli pamesongamana kama stendi ya mabasi mkesha wa sikukuu, na uzi uliokunjika nusu hunasana na wenzake upesi. Kwa hiyo seli ina protini nyingine ambazo kazi yake ni kusimamia kukunjika kwa hizi changa. Mimi huziita makungwi: zinamchukua mwari, zinamtenga na msongamano, zinamtoa akiwa amekamilika. Makungwi wakishindwa, uzi hupelekwa kuvunjwa. Kuna kinu cha kusaga protini moja moja, proteasomu, na kuna lisosomu, kifuko chenye vimeng'enya vikali kinachomeza madonge na mabaki makubwa.

Seli ya ngozi ikizidiwa na taka hufa, ikang'oka, nyingine ikachukua nafasi. Seli ya ubongo haina njia hiyo. Kwa sehemu kubwa, zile ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo, na kila moja ni kubwa ajabu: seli moja ya dopamini ya binadamu inakadiriwa kuwa na matawi ambayo ukiyaunganisha yangefika mita kadhaa, yote yakilishwa na kusafishwa na kiwiliwili kidogo kisichoonekana kwa macho. Jalala likifurika hapo, hapana pa kuhamia.

Sasa, umbo baya linaeneaje? Mambo mawili ya jikoni yananisaidia kulieleza hili. Ukitaka maziwa ya mgando unatia kijiko cha mgando wa jana kwenye maziwa mapya, na asubuhi yote yameganda. Kilichofanya kazi ni vijidudu hai, vinakula na kuzaana. Halafu chukua mtungi wa asali ya Tabora iliyo majimaji, utie punje ya asali iliyokwisha kuganda kuwa chengachenga. Ngoja wiki chache, mtungi mzima utaganda. Humo hamkuzaliwa kitu. Punje imetoa umbo, na sukari iliyoizunguka imelifuata. Mwaka 1982 Stanley Prusiner, daktari wa neva wa San Francisco, alisema kwamba skrepi, ule ugonjwa wa kondoo unaowafanya wajikune kwenye ua hadi manyoya yatoke, unaenea kwa njia ya asali. Hakuna kirusi, hakuna bakteria, hakuna jeni la kigeni. Kuna protini ya mwili wenyewe iliyochukua umbo lisilofaa, na inazishawishi protini nzima, zisizo na kasoro, za aina yake zilichukue pia. Aliiita prioni. Wengi katika fani yake walimpinga kwa ukali. Mwaka 1997 akapewa Nobel.

Msingi wa hoja yake ulikuwa umeshawekwa milimani Papua New Guinea, kwa watu wa Fore, waliokuwa wakifa kwa ugonjwa waliouita kuru, yaani kutetemeka. Waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto, na wenyewe waliamini ni uchawi. Carleton Gajdusek na Vincent Zigas waliuripoti kwa ulimwengu wa tiba mwaka 1957, lakini waliofumbua namna unavyoambukiza ni wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse, waliokaa vijijini na kuuliza kwa subira nani alikula nini kwenye msiba wa nani. Fore walikuwa wakiwala wafu wao kwa mapenzi, ili mpendwa asiachiwe funza wa ardhini. Ubongo ulikuwa fungu la wanawake, nao waliwagawia watoto waliokuwa nao. Mila ilikoma kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 na kuru ikaanza kupungua, ingawa walikuwapo walioanza kuugua zaidi ya miaka 40 baada ya mlo wa mwisho.

Kinachosahaulika katika masimulizi ya kuru ni walionusurika. Katika eneo lililoathirika zaidi walipatikana watu ambao protini yao ya prioni ina tofauti ya asidi amino moja tu, mahali pa 127. Mwaka 2015 timu ya John Collinge ya London ilionyesha kwamba panya waliopewa protini hiyo peke yake walistahimili kila aina ya prioni waliyojaribiwa nayo, sawasawa na panya wasio na protini ya prioni kabisa. Asidi amino moja, na mbegu haishiki. Mbegu ilikuwa ileile iliyoua maelfu. Kilichobadilika ni mwenyeji.

Hapa ndipo penye kiini cha ninayotaka kuyasema, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1996, Zürich, kundi la Adriano Aguzzi na Charles Weissmann lilichukua panya waliotolewa jeni la protini ya prioni, wakapandikiza ndani ya ubongo wao kipande kidogo cha tishu kutoka kwa panya wa kawaida. Kisha wakaweka mbegu za skrepi. Kile kipande kikaugua, kikatoboka kama sponji, kikazalisha prioni kwa wingi, na prioni hizo zikavuja na kusambaa hadi kwenye ubongo ulioizunguka. Seli za ubongo huo, zilizokuwa zinaogelea katika sumu ileile, hazikudhurika. Nilipousoma utafiti huo kwa mara ya kwanza niliurudia mara mbili, nikidhani nimeelewa vibaya. Ikiwa donge ndilo muuaji, mbona majirani wamesalimika? Jibu ni kwamba seli hizo hazikuwa na protini ya kugeuzwa. Hakukuwa na kitu chao cha kuchangia.

Miaka saba baadaye Giovanna Mallucci na wenzake, London, walikwenda hatua mbele. Panya wao walikuwa wameshaambukizwa, na matundu yalikuwa yameshaanza kutokea ubongoni. Katikati ya ugonjwa, wanasayansi wakalizima jeni la prioni ndani ya seli za neva tu. Matundu yakarudi nyuma. Panya wakaendelea kuishi, huku prioni zikiendelea kulundikana katika seli nyingine zinazozitunza zile za neva. Taka zilikuwapo, tena zinaongezeka, na mnyama mzima.

Ni nini basi kinachoua? Mwaka 2012 kundi la Mallucci lilitoa jibu ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kufundishwa hadi sekondari. Seli ikigundua protini nyingi zilizokunjika vibaya, hupiga king'ora na kusimamisha uzalishaji wa protini mpya. Ni busara: kama kiwanda kinatoa bidhaa mbovu, funga mashine, safisha, kisha uwashe. Tatizo ni kwamba prioni hazikomi kuzalishwa. King'ora hakizimwi. Mashine zinabaki zimefungwa siku baada ya siku, na sinapsi, zile sehemu seli zinapopeana habari, zinahitaji protini mpya kila wakati ili ziendelee kuwapo. Zinakauka. Seli inakufa kwa njaa iliyojiwekea yenyewe. Mwaka uliofuata waliwapa panya dawa inayozuia king'ora hicho, na ubongo ukahifadhika ingawa prioni zilikuwa palepale. Dawa hiyo ililiumiza kongosho na kuwakondesha panya, kwa hiyo haikuwa tiba ya binadamu. Lakini jambo lilikuwa limeshajulikana, na alama za king'ora hichohicho zimeonekana pia katika ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer na Parkinson.

Mtu anaweza kuniambia kuwa prioni ni kisa cha pekee, na magonjwa ya wazee wetu ni kitu kingine. Kwa maambukizi, ndiyo, na nitalisema wazi kwa sababu najua familia ambazo watoto wamekatazwa kula sahani moja na babu anayetetemeka: Parkinson na Alzheimer haziambukizi kwa kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kulala naye wala kumlilia. Hakuna ushahidi wowote wa hilo. Kesi chache zinazojulikana za mbegu za amiloidi kupita kutoka mtu hadi mtu zinatokana na matibabu ya zamani, hasa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye tezi za maiti na kudungwa watoto nchini Uingereza kati ya mwaka 1959 na 1985, njia iliyoachwa zamani.

Ndani ya fuvu moja, lakini, mwenendo unafanana sana. Ushahidi ulionisadikisha ulitoka kwa wagonjwa wa Parkinson waliopandikiziwa seli changa za ubongo kutoka kwa vijusi, kwa matumaini kuwa zingetengeneza dopamini upya. Baadhi yao walipata nafuu. Walipofariki, miaka 11 hadi 16 baadaye, ubongo wao ulichunguzwa, na ripoti zilitoka mwaka 2008: katika baadhi ya zile seli za kupandikizwa, seli zenye umri wa kijana wa sekondari, mlikuwa na madonge ya Lewy. Zilikuwa zimeingia nyumba yenye ugonjwa, zikaupokea kutoka kwa majirani. Mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia wakadunga nyuzi za alfa-sinuklini iliyopinda katika ubongo wa panya wazima kabisa, na umbo hilo likasafiri kufuata njia za neva, seli kwa seli, hadi kwenye seli za dopamini, nazo zikaanza kufa.

Kusafiri huko kunahitaji mlango ufunguliwe. Seli ya neva inameza nyuzi hizo kwa njia ileile inayomezea vitu vyake vya kawaida. Zikifika ndani ya vifuko vya lisosomu, baadhi hutoboa kuta na kuingia ndani ya seli, ambako alfa-sinuklini nzima, inayokaa kwenye ncha za neva kwa wingi kwa ajili ya kazi yake halali, inageuzwa. Kisha seli iliyozidiwa inatupa nje ilichoshindwa kukivunja, na jirani anakimeza. Heiko Braak wa Ujerumani alichora njia hii mwaka 2003 kwa kupanga ubongo wa marehemu kwa hatua: mara nyingi madonge yanaanzia chini kwenye shina la ubongo na kwenye kituo cha harufu, kisha yanapanda. Ndiyo maana baba mdogo hakuyasikia mafuta ya taa kwenye iliki, miaka minne kabla ya mkono kusema neno.

Twende kwa Alzheimer, ambako fedha nyingi zimekwenda. Jamvi zima la utafiti kwa miongo mitatu lilitandikwa juu ya amiloidi: dawa baada ya dawa ya kuifagia, na nyingi zilishindwa. Lecanemab ndiyo ya kwanza iliyofanikiwa kwa namna ya kuheshimika, ikaidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023. Ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Picha za ubongo zilionyesha amiloidi imepungua sana. Akili za waliopewa dawa ziliendelea kushuka, ila zilishuka polepole zaidi, kwa asilimia 27. Asilimia hiyo inasikika kubwa mpaka uijue kwa alama zenyewe: tofauti ya 0.45 kwenye kipimo cha alama 18. Takriban mtu 1 kati ya 8 alipata uvimbe ubongoni, ingawa wengi wao hawakuusikia. Bei yake ilipoanza ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, mbali na sindano ya mshipani kila wiki mbili na picha za MRI za kufuatilia.

Sidharau matokeo hayo. Kwa mara ya kwanza imeonekana kwa binadamu kuwa kuondoa protini iliyopinda kunapunguza mwendo wa ugonjwa, kwa hiyo protini imo kwenye kesi. Lakini kama ingekuwa mtuhumiwa pekee, kuifagia kiasi hicho kungetoa zaidi ya hapo. Nafasi iliyobaki ni ya seli. Mikroglia, seli za ulinzi za ubongo, ndizo zinazoitwa kuja kula amiloidi. Mwaka 2016 maabara ya Beth Stevens, Boston, ilionyesha katika panya kwamba mikroglia hizo zinaanza kula sinapsi nzima mapema sana, kabla madonge makubwa hayajaonekana, zikichochewa na vipande vidogo vya amiloidi vinavyoelea. Na jeni la TREM2, ambalo badiliko lake moja adimu huongeza hatari ya Alzheimer mara mbili hadi tatu, halifanyi kazi kwenye seli za neva hata kidogo. Hufanya kazi kwenye mikroglia. Yaani mtu anaweza kuwa na amiloidi sawa na mwenzake na hatima zao zikatofautiana kwa sababu ya namna walinzi wao wanavyopokea habari.

Kwa nini nasema nusu hii inatuhusu sisi zaidi?

Mwaka 2023, utafiti uliowaunganisha wanasayansi wa Lagos, London na Marekani, wakiwamo Njideka Okubadejo na Mie Rizig, uligundua badiliko la jeni linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, ambalo halikuwa limeonekana katika miaka yote ya kuchunguza Wazungu. Mwenye nakala moja ana hatari kama mara 1.5, mwenye nakala mbili kama mara 3.5. Na badiliko hilo haliko kwenye jeni la alfa-sinuklini. Liko kwenye GBA1, jeni linalotengeneza kimeng'enya cha lisosomu. Liko jalalani! Kwa Mwafrika huyu, kinachompa ugonjwa nafasi ni uwezo wa seli yake kusafisha, na dawa inayolenga kuurudishia uwezo huo ingemfaa pengine kuliko inayolifukuza donge. Lakini jambo hili lilijulikana kwa sababu watu wa Nigeria walitoa damu, na wataalamu wao walikuwa na mtandao wa kliniki wa kuikusanya na kuichunguza. Watu wa pwani yetu, wa maziwa makuu, wa nyanda za juu, damu yao haijaulizwa maswali haya kwa ukubwa unaostahili. Wizara zetu za afya zikipanga bajeti ya magonjwa yasiyoambukiza, naomba zilione hilo.

Uchache wa wagonjwa tunaowaona usitudanganye. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000, wakapata 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Wilaya hiyohiyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, kwa asilimia 6.4 ya wazee wenye miaka 70 na zaidi. Hao ni watu wanaoishi nasi kwa jina la uzee, na mahali pengine kwa jina baya zaidi. Usukumani ajuza wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Bibi anayetoka nje saa nane za usiku bila kujua aendako, anayemwita mwanawe kwa jina la marehemu, yuko hatarini kwa sababu hakuna aliyewaeleza majirani kilichoharibika ndani ya kichwa chake.

Kuna kipimo kimoja kinachonipa matumaini, na kinatumia ubaya wa ugonjwa kuufichua. Daktari anachukua maji kidogo ya uti wa mgongo. Maabara inayachanganya na alfa-sinuklini safi, inayatikisa na kuyapumzisha, inayatikisa tena, kwa saa nyingi. Ikiwa ndani mna mbegu chache tu zilizopinda, zinazigeuza zile nzima, nazo zinazigeuza nyingine, na rangi iliyotiwa humo inaanza kung'aa. Ni ile asali kwenye mtungi, inaganda mbele ya mashine. Utafiti mkubwa wa mwaka 2023 ulikuta kipimo hiki kinawagundua takriban asilimia 88 ya wenye Parkinson. Kiling'aa pia kwa baadhi ya watu waliopoteza uwezo wa kunusa na hawajaanza kutetemeka. Tiba yoyote ya kuisaidia seli itahitaji kuwafikia watu hao, wakati seli bado ni nyingi na king'ora hakijalia muda mrefu. Sindano ya uti wa mgongo si ya kila zahanati, hilo nalikubali. Kumuuliza mzee kama bado anasikia harufu ya kahawa hakuhitaji sindano.

Baba mdogo anatumia levodopa. Dawa hiyo haigusi alfa-sinuklini kamwe. Inawapa seli zilizobaki malighafi ya dopamini, basi. Anaimeza nusu saa kabla ya chai, na maharage na samaki ameyahamishia usiku, kwa sababu chakula cha protini kinagombania njia na dawa tumboni. (Upupu, ule mmea unaowasha mashambani, una levodopa ya asili kwenye mbegu zake, na tayari kuna wanaouza unga wake mitaani. Kipimo chake hakina uhakika, na namsihi mgonjwa asijichanganyie mwenyewe.) Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka karibu na adhuhuri mkono unamsikia. Ndio muda anaokaa dukani, kwenye kiti chake kilekile, na daftari sasa analiandika mjukuu wake wa darasa la sita. Mzigo wa iliki ukiingia, anafungua gunia, anachota kwenye kiganja, anamsogezea mtoto puani.

"Inanuka nini?" anamuuliza.

"Iliki, babu."

"Iliki tu?"

"Iliki tu."

Ndipo anaipima.